Bei ya Mchezo

Hapana kabila lisilo na michezo, wala hapana mchezo usio na gharama, ijapokuwa gharama nyingine haziingii katika daftari. Mtoto wa Kinyaturu achungaye ndama miongoni mwa majabali ya Singida huweza kufinyanga ng'ombe kumi wa udongo kabla jua halijawa la utosi. Atawapa majina, atawapiganisha mafahali, atatoa mahari ya ng'ombe watano kwa mwanasesere wa gunzi, na mvua ikinyesha wote watarudi kuwa tope, pasiwe na mtu aliyepata hasara. Mpira wa matambara hutaka soksi kuukuu na kamba. Gari la waya hutaka waya na kandambili zilizokatika. Kombolela haitaki kitu ila nafasi na wenzi. Gololi peke yake ndiyo hununuliwa dukani, nayo ikiisha kununuliwa hupita katika mifuko ya watoto wengi, ikishindaniwa, ikipotea na kuokotwa, kwa miaka. Kwa watu waliolelewa hivyo, habari ya kwamba mchezo una bei, na kwamba bei hiyo hulipwa tena na tena, ilikuwa habari ngeni. Ilitoka mbali na ilikawia kufika.

Huko Marekani mchezo wa kioo ulianza kuuzwa kwa sarafu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa mchezo ulioitwa Pong, vijiti viwili vya nuru vikipigiana kitone kimoja huku na huku, ukawekwa katika mabaa, na mtu aliyetaka kucheza alitumbukiza robo dola. Ikaja Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980, nazo zikalishwa robo dola hizo hizo katika kumbi zilizojaa vijana. Lakini tangu mwaka 1977 Atari ilikuwa imekwisha kuanza kuuza mashine ya kuchezea nyumbani, kwa dola 199. Kadiri mashine za nyumbani zilivyozidi kuwa nzuri, ndivyo kumbi za sarafu zilivyozidi kupungua.

Katika mwaka huo wa 1977 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 8 na senti kadhaa, kwa hiyo mashine ile, bila nauli wala ushuru, ilikuwa na thamani ya shilingi 1,650 hivi. Kima cha chini cha mshahara wa mjini kilikuwa shilingi 380. Mfagizi wa ofisi mjini Singida angalitumika zaidi ya miezi minne, asile, asivae, asilipe kodi ya chumba, ndipo aipate. Na angaliipata, asingalikuwa na mahali pa kuifungia, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Miaka yote ile watoto wa Chicago walipokuwa wakihesabu robo dola zao, mtoto wa Singida alikuwa nje kabisa ya soko hili, wala hakujua kwamba yuko nje.

Hesabu ya Wamarekani wenyewe inaonyesha kwamba kwao mchezo umekuwa rahisi. Dola 199 za mwaka 1977 zina nguvu ya dola zaidi ya 1,000 za sasa. PlayStation ya Sony iliuzwa kwa dola 299 mwaka 1995, na ya pili, iliyofika Marekani mwaka 2000, iliuzwa kwa bei hiyo hiyo, kisha ikawa inashuka mwaka baada ya mwaka mpaka ikafika dola 99 mwaka 2009. Ya tano ilianza kwa dola 499 mwaka 2020. Michezo yenyewe nayo ilipanda polepole kuliko mkate na kodi ya nyumba: dola 50 mwaka 2000, 60 miaka mitano au sita baadaye, 70 mwaka 2020, na mwaka 2025 Nintendo ikathubutu kutaka dola 80 kwa mchezo mmoja wa mashindano ya magari. Vijana wa huko walipiga kelele nyingi juu ya dola hizo 80. Wazee wao wangaliweza kuwakumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 kaseti nyingine za Super Nintendo ziliuzwa dola 70, wakati dola ilikuwa na uzito zaidi ya mara mbili ya huu wa leo.

Lakini shilingi ina hesabu yake. Mwaka 1995 dola ilikuwa shilingi 575 hivi. Mwaka 2000 ilikuwa 800. Mwaka 2020 ilikuwa 2,300. Kwa hiyo PlayStation ya kwanza ilikuwa na thamani ya shilingi 172,000, ya pili 240,000, na ya tano 1,150,000, bila kutaja nauli ya meli, ushuru wa bandarini, kodi ya ongezeko la thamani na faida ya mfanyabiashara wa Kariakoo. Bei ambayo kwa dola haikufika hata mara mbili, kwa shilingi ilikuwa karibu mara saba. Tena desturi ya bei kushuka kila mashine inapozeeka imevunjika katika zama hizi, kwa kuwa mwezi Agosti 2025 PlayStation ya tano, ambayo ilikuwa na umri wa karibu miaka mitano, ilipandishwa huko Marekani kutoka dola 499 hadi 549.

Mei Mosi ya mwaka huo huo wa 2025, sherehe za kitaifa za Siku ya Wafanyakazi zilifanyika Singida, katika uwanja wa Bombadia, na hapo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia mwezi wa Julai. Mfagizi wa ofisi akiweka fedha hizo zote, na dola ikihesabiwa kwa shilingi 2,500, atainunua mashine ya dola 549 kwa mshahara wa miezi mitatu isiyotimia. Babu yake alihitaji zaidi ya miezi minne. Maendeleo yapo, mtu asiyakatae. Ila Singida ni nchi ya wakulima, na mkulima wa alizeti hana Julai ya kupandishiwa mshahara. Bei ya alizeti iliposhuka mwaka 2023, wengi waliona magunia yao yakiwashinda kuuza kwa bei ya kurudisha hata gharama za kulima na kupalilia.

Mtu asiyeijua Singida, akizitazama hesabu hizi tu, angekata shauri kwamba watoto wa huko hawakucheza. Walicheza sana. Walicheza kwa sababu mashine ambayo Wamarekani waliitengeneza ili kila nyumba iwe na yake, ilipofika Singida iligeuzwa ikawa mashine ya sarafu. Jambo lililokuwa linakufa katika miji ya Marekani lilizaliwa upya chini ya paa la bati.

Mtu mmoja wa Iramba aliuza vitunguu vyake vya msimu wa mwaka 2004, na badala ya kuongeza mashamba kama ndugu zake walivyomshauri, akapanda basi kwenda Dar es Salaam. Alirudi na PlayStation ya kwanza iliyokwisha kutumika, pedi mbili na CD sita, vyote kwa shilingi 120,000, akiwa amevipakata magotini njia nzima kwa kuogopa mashimo ya barabara. Televisheni aliinunua kwa mwalimu aliyehamishwa, ile ya kisogo kirefu ambayo watu huiita chogo. Alipanga chumba karibu na stendi, akatengeneza mabenchi mawili, akatundika gunia mlangoni ili jua lisipige kioo, na juu ya gunia akaandika kwa chaki kwamba mechi moja ni shilingi 100.

Ndugu zake walimcheka. Lakini wao walihesabu bei ya mashine, na yeye alihesabu sarafu. Shilingi 120,000 ni mechi 1,200. Kwa mechi 40 kila siku mashine hujirudisha katika mwezi mmoja. Haikuwa rahisi hivyo, maana kulikuwa na kodi ya chumba, na umeme wa LUKU, na pedi ambazo vijana walizikamua kama mtu anayekamua ng'ombe mkorofi, zikafa kila baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kuongeza mashine ya pili.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na sheria ambayo hakuitunga yeye. Vijana walikuja nayo, na ilikuwa hiyo hiyo katika mabanda mengine ya mji: anayefungwa ndiye anayelipa, kisha anampisha mwingine. Sheria hii iliugeuza mchezo kuwa kitu cha ajabu kwa upande wa gharama. Kijana hodari aliweza kuingia asubuhi na sarafu moja mfukoni, akatoka jioni nayo, akiwa amecheza mechi ishirini. Mjinga wa mchezo alilipa yake na ya hodari. Kwa hiyo bei ya mchezo haikuwa shilingi 100 hasa, bali ilikuwa kiasi cha ujinga wa mtu, na kila aliyejifunza aliona bei ikimshukia. Ndiyo maana mtoto wa muuza kuku, aliyekuwa na sarafu mbili kwa wiki, alikaa siku nyingi juu ya benchi la nyuma akitazama tu vidole vya wengine. Kutazama kulikuwa bure. Wakati mwingine walicheza wawili na watazamaji walikuwa thelathini, nao walishangilia, walitukana, walifundisha, walibishana juu ya Ronaldinho kana kwamba ni kijana wa Kiomboi. Mashine moja ya watu thelathini! Kampuni iliyoitengeneza isingaliipenda hesabu hiyo, lakini kwa watu wasio na kitu haikupata kuwako hesabu bora.

Wasichana hawakuonekana mle ndani. Wengine husema ni kwa sababu ya matusi na moshi wa sigara, na hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini Singida ni nchi kavu, na saa ambazo kaka zao walikaa bendini wao walikuwa katika foleni ya maji, ndoo mbele na ndoo nyuma. Anayeandika gharama ya mchezo bila kuiandika ndoo hiyo atakuwa amesahau mmoja wa waliolipa.

Walimu na wazazi walilipa pia, au waliona wamelipa. Sarafu ya mchango wa shule ilipotea njiani. Mtoto aliyetumwa chumvi alirudi baada ya saa mbili akiwa na chumvi pungufu. Mara kwa mara mgambo walipita saa za masomo wakawafurusha wenye sare, na mwenye banda akaweka sharti kwamba mwenye sare haingii kabla ya saa tisa. Wengine walikuja na shati jingine ndani ya mfuko wa daftari.

Bei ikaanza kupanda, lakini ilipanda kwa njia ya werevu. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme, mgawo ukaingia nchi nzima, na chumba kikawa giza mchana kutwa. Mwenye banda alinunua jenereta ndogo, na petroli ikaanza kunywa faida yake mbele ya macho yake. Kupandisha mechi hadi shilingi 200 aliogopa, kwa kuwa jirani yake wa mtaa wa pili alikuwa bado anatoza 100. Basi akaingia ndani ya mashine yenyewe akapunguza muda. Kipindi kilichokuwa dakika tano kikawa dakika nne, kisha tatu. Waokaji wa mikate wanaijua hila hii: bei inabaki, mkate unapungua. Vijana waliigundua siku ya pili, wakanung'unika, wakazoea. Mgawo uliporudi mwaka 2011 sarafu ya 200 ilikuwa imekwisha kukubaliwa katika mabanda yote, na baada ya Benki Kuu kuitoa sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, ikawa kana kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mabanda ya gemu. Leo mechi moja katika banda lile ni shilingi 500, nayo ni fupi kuliko ile ya 100.

Jambo moja halina haja ya kupambwa. CD zile zilikuwa za kuchoma, yaani zilizonakiliwa, na mashine ilifunguliwa na fundi ikatiwa kipande kidogo cha kuifanya izikubali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwako tangu mwaka 1999, na kwa sheria hiyo biashara ile ilisimama juu ya mali ya wizi. Lakini hesabu nayo isemwe. Mwaka ule wa 2004 mchezo halali wa dola 50 ulikuwa na thamani ya shilingi 54,000, yaani mechi 540 kabla mwenye banda hajapata hata senti ya kununulia mafuta ya taa nyumbani kwake. Angaliufuata uhalali, banda lisingalikuwako, na waliotengeneza michezo wasingalipata kitu hata hivyo. Hii si hoja ya kuhalalisha. Ni maelezo tu ya jinsi mchezo wa dola 50 ulivyoweza kuchezwa na mtoto wa sarafu mbili.

Baadaye wenye mali walipata njia ya kuwabana watu bila polisi. PlayStation ya pili ilitolewa mchezo wa mpira wa FIFA kwa mara ya mwisho katika toleo la FIFA 14, na utengenezaji wa mashine yenyewe ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Kwa muda vijana wa Singida hawakujali. Waliendelea kucheza na wachezaji waliokwisha kustaafu. Kisha mwezi wa Januari 2016 Mbwana Samatta akajiunga na Genk ya Ubelgiji, akaingia katika matoleo ya mchezo yaliyofuata, Mtanzania mwenye jina lake mgongoni, na habari ikazagaa. Kila aliyeingia bendini aliuliza kama Samatta yumo. Hakuwamo, wala asingeweza kuwamo. Mwenye banda alitoa akiba yake ya mbao za nyumba akanunua PlayStation ya tatu iliyokwisha kutumika. Nyumba yake ilikawia kuezekwa mwaka mzima kwa sababu ya Samatta, na mpaka leo mkewe akimwona mchezaji huyo katika televisheni humwita kwa utani "mgeni aliyekaa juu ya mabati yetu."

Sarafu ya mtoto ilipata mwindaji mwingine katika miaka hiyo hiyo. Zilikuja mashine za kubahatisha, zile ambazo mitaani huitwa bonanza au dubwi, zikasimamishwa nje ya maduka na vilabu hata katika vijiji. Kwa umbo ni ndugu wa gemu: zina kioo, zina taa, zina milio, zinakula sarafu. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa sheria ya mwaka 2003, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini mashine iliyosimama kizingitini mwa duka haimwulizi mtu umri. Tofauti baina ya vitu hivi viwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika banda la gemu sarafu ilinunua dakika kadhaa, na aliyefungwa alijua kafungwa na nani na kwa kosa gani, akaweza kurudi kesho akiwa hodari zaidi. Katika bonanza sarafu hununua tumaini, na hapana hodari. Mtoto wa benchi la nyuma angaliweza kutazama mashine ile miaka kumi asijifunze kitu cha kumpunguzia bei.

Kisha ikaja simu, na pamoja na simu likaja neno ambalo halikupata kutumika katika biashara hii, yaani bure. Mwanzoni lilikuwa neno la kweli. Nyoka wa Nokia, aliyeanza mwaka 1997, alikuwa ndani ya simu tangu kiwandani. Mtu alimcheza chini ya mwembe au ndani ya basi la Manyoni, wala hakumlipa mtu yeyote. Simu za kioo kutoka China zilipokuwa rahisi, Tecno na Itel na jamaa zao, kijana aliweza kuchukua mfukoni michezo mizuri kuliko ile ya chogo. Free Fire ilitoka mwaka 2017, nayo haiuzwi. Konami, waliokuwa wakiuza mchezo wao wa mpira kwa bei kamili kila mwaka, waliubadili jina ukawa eFootball mwaka 2021 wakautoa bure kwa yeyote. Bei iliyoanza kwa robo dola mwaka 1972, ikapanda ikashuka kwa karibu nusu karne, sasa ilionekana imefika chini kabisa, mahali pasipo na chini nyingine.

Ila mchezo wa bure ni mkubwa, na hauingii katika simu bila bando. Ukiisha kuingia hutaka kuongezewa kila mara, na kila nyongeza hula bando lingine. Watu wa Tanzania wanaujua uchungu wa bando. Mwezi wa Aprili 2021 vifurushi vipya vilipotangazwa na watu wakaona kwamba fedha ile ile imeleta intaneti kidogo, kilio kilikuwa kikubwa hata serikali ikavisimamisha. Na ndani ya mchezo wenyewe kuna duka. Huko huuzwa almasi, na kwa almasi hununuliwa nguo, bunduki za rangi, na visanduku ambavyo anayevinunua hajui kilichomo mpaka avifungue, jambo ambalo lingemfanya mwenye bonanza atikise kichwa kwa kustaajabu werevu wa wenzake.

Mwenye banda alikutana na duka hilo kwa njia ya mwanawe. Kijana alikuwa kidato cha pili, mpole, hodari wa hesabu, na alikuwa akipewa simu ya baba jioni kwa ajili ya masomo. Mwaka 2023, msimu ule mbaya wa alizeti, bibi yake wa kijijini aliuza magunia kwa bei aliyoitiwa akatuma shilingi 30,000 kwa simu, za mchango wa chakula cha shule na viatu. Baba alipokwenda kwa wakala kuzitoa alikuta 12,000. Alidhani ameibiwa na matapeli wa simu, akataka kwenda polisi, ndipo kijana akasema mwenyewe.

"Umenunua nini?" baba aliuliza.

"Nguo, baba."

Baba alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Iko wapi?"

"Si ya kuvaa mimi, baba. Ni ya mchezaji. Iko mle ndani."

Aliomba kuiona. Kijana akamwonyesha koti jekundu lenye manyoya, limevaliwa na mtu asiyekuwako, anayekimbia katika nchi isiyokuwako. Mwenye banda hakumpiga. Yeye mwenyewe alikuwa amesomesha watoto kwa sarafu za watoto wa watu wengine, na pengine hilo lilimzuia mkono. Aliuliza kama koti hilo linamfanya mtu apige bunduki vizuri zaidi. Kijana akasema hapana, linapendeza tu. Baba akauliza nani analiona. Kijana akafikiri, akasema wanaoliona ni watu anaocheza nao, lakini hawajui, wako mbali, wengine pengine Brazil. Kisha baba akahesabu kwa kinywa, kama ilivyo desturi yake: shilingi 18,000 ni mechi 36 za banda. Mechi 36, kwa watazamaji wachache tu wa siku hizi, zingaliwafurahisha watu mia. Kijana, ambaye hesabu haikumshinda, alisema kwamba ni kweli. Viatu vilinunuliwa mwezi wa tatu uliofuata.

Jambo lililomsumbua yule baba zaidi ya fedha ni kwamba hakuisikia ikitoka. Katika banda lake kila sarafu ilikuwa na mlio. Ilitoka mfukoni, ikapita mkononi, ikaanguka ndani ya kopo la maziwa, na kila aliyekuwamo aliisikia na kujua nani kalipa, na mara ngapi. Aliyeishiwa alijulikana kuwa ameishiwa akaenda nyumbani. Banda lilifungwa saa mbili usiku, na mchezo ukafungwa pamoja nalo. Simu haina saa mbili. Tena haina benchi la nyuma, maana kioo chake hutosha macho ya mtu mmoja. Kwa hesabu ya dola vijana wa sasa wana bahati kubwa kuliko wote waliowatangulia, na mtu akiwaambia vingine watamwona mzee mwenye wivu. Lakini mtoto wa muuza kuku alijua kila Jumamosi jioni mchezo umemgharimu kiasi gani. Mwenye simu hajui, na waliomtengenezea mchezo wamejitahidi sana asijue.

Banda bado liko. Jina la mchezo limebadilika, kwa kuwa tangu mwaka 2023 toleo la kila mwaka halina tena jina la FIFA, lakini mle ndani watu wangali wanaliita FIFA. Mashine ya nne imewekwa, iliyokwisha kutumika kama zote zilizotangulia, na Jumamosi timu ya Singida Black Stars inapocheza ugenini vijana hujazana kusikiliza mpira redioni huku wakicheza mwingine katika kioo. Siku za wiki benchi la nyuma huwa tupu. Wanaokuja hukaa kila mtu na simu yake, wakingoja zamu bila kutazama wanaocheza.

Mwaka uliopita mke wa mwenye banda aliweka meza ndogo mlangoni, chini ya mwavuli, akauza karanga, asali ya Manyoni katika chupa ndogo, na vocha za simu. Karanga hazitoki sana. Vijana hushuka kutoka bajaji, humwamkia "Shikamoo mama," hununua vocha ya shilingi 500, huikwangua kwa ukucha wakiwa wamesimama pale pale, kisha huenda zao bila kuinua gunia la mlangoni. Jioni mume na mke huhesabu fedha pamoja juu ya meza moja. Kopo la maziwa na mkebe wa vocha vilikuwa sawa kwa miezi michache ya kwanza. Sasa mkebe huhesabiwa kwanza, kwa sababu huchukua muda mrefu zaidi.